Askofu Kivengere: Aliyekataa kuwa mfungwa wa hasira zake

ASKOFU Festo Kivengere alipoaga dunia jijini Nairobi mnamo Mei 18, 1988 kutokana na saratani ya damu, ilikuwa imepita miaka 11 tangu aponee chupuchupu mikononi mwa askari wa Idi Amin. Katika muda huo wote, kilichowastaajabisha waliomfahamu si jinsi alivyotoroka, bali jinsi alivyoishi baada ya kutoroka. Aliishi bila kinyongo dhidi ya mtawala aliyemuulia kiongozi na rafiki yake.

Maisha ya mtumishi huyu wa Mungu kutoka Uganda yanastahili kusimuliwa upya, hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira. Nyanda za Kigezi alikozaliwa zinafanana mno na nyanda za Gusii. Huko nako kuna milima iliyokatwa matuta, migomba iliyozingira nyumba, na familia nyingi zinazong'ang'ania vishamba vidogo ambavyo kila mrithi hupokea kipande kidogo zaidi ya kile alichopata baba yake. Kulingana na sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Palipo na msongamano wa aina hiyo, mpaka wa shamba ukisogezwa hatua moja tu, ndugu wa tumbo moja wanaweza kuacha kusalimiana kwa miaka mingi.

Makanisa nako si haba. Wakatoliki walianzisha misheni ya Nyabururu mnamo 1911, Waadventista nao wakafuata kule Nyanchwa, na Walutheri kutoka Uswidi wakatia nanga Itierio mwaka wa 1948. Leo ni vigumu kupanda kilima chochote cha Gusii bila kukutana na nyumba ya ibada. Hata hivyo, Mei 2008 katika eneo la Kisii ya Kati, umati uliojaa hasira uliwateketeza watu 11, wengi wao wakiwa wanawake wazee, kwa madai kwamba walikuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa madai yayo hayo huko Marani. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa 2007, soko la Chebilat lililo kwenye mpaka wa Borabu na Sotik liliteketezwa, majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakageukiana kuwa maadui.

Swali linalojitokeza ni hili: je, imani inaweza kweli kumwondolea mtu hasira moyoni, au humfunza tu kuificha siku ya ibada? Kivengere alijibu swali hilo kwa maisha yake, na jibu lenyewe halikuwa jepesi.

Alizaliwa mwaka wa 1919 katika eneo la Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa kifalme wa Bahororo. Utotoni alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa jamii yake ya wafugaji. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi alipoanza kusoma katika shule ya misheni, na baadaye akaenda kusomea ualimu katika Chuo cha Askofu Tucker kilichoko Mukono. Aliporejea kwao kufundisha, alikuwa kijana msomi aliyekuwa ameipa dini kisogo. Alikunywa pombe, na aliwadharau waziwazi wale waliokuwa wakilia na kutubu makanisani.

Wakati huo eneo zima lilikuwa limekumbwa na wimbi la uamsho. Chimbuko lake lilikuwa Gahini nchini Rwanda, na pia urafiki ulioanza mwaka wa 1929 baina ya daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda kwa jina Simeoni Nsibambi. Wafuasi wa uamsho huo walijulikana kama Balokole, yaani waliookoka. Wimbi hilo lilivuka mipaka likafika Kabete mwaka wa 1937 na Maseno mwaka uliofuata, hivyo likaingia Nyanza.

Kilichowatambulisha Balokole hakikuwa kelele za maombi. Ilikuwa desturi yao ya kuungama makosa hadharani na kurejesha walichoiba. Mtu aliyeiba ng'ombe aliwarudisha kwa mwenyewe. Aliyemsengenya jirani alimwendea na kumwambia ana kwa ana kwamba alimkosea. Toba isiyomfikisha mtu kwenye mlango wa aliyemkosea haikuhesabiwa kuwa toba. Ni jambo la kutilia maanani, kwani hiyo ndiyo shule iliyomlea Kivengere.

Uongofu wake ulitokea mapema katika miaka ya 1940. Rafiki yake mmoja, mwalimu kama yeye, alimjia akiwa na furaha isiyo ya kawaida, akamweleza kwamba amesamehewa dhambi zake, na hapo hapo akamwomba radhi kwa mambo aliyokuwa amemkosea. Kivengere alifadhaika. Alikuwa amezoea wahubiri wanaowanyoshea wengine vidole, si mtu anayekuja kujishtaki mwenyewe. Alipofika nyumbani alipiga magoti peke yake, na kutoka siku hiyo hakurudi nyuma.

Mtihani wa kwanza haukuchelewa. Kulikuwa na mzungu mmoja aliyemchukia kwa dhati. Chuki yake haikukosa sababu, kwani hizo zilikuwa enzi za ukoloni na dharau ya wazungu kwa Waafrika ilikuwa jambo la kila siku. Lakini dhamiri ilimsuta kwamba hawezi kudai amesamehewa huku akiwa amemfungia mtu mwingine nje ya moyo wake. Alipanda baiskeli akasafiri mwendo mrefu wa milima na mabonde hadi nyumbani kwa mtu huyo, akamweleza kwamba alikuwa akimchukia na kwamba amekuja kuomba msamaha. Waliagana wakiwa ndugu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini aliyedharauliwa ndiye aliyeomba radhi. Kivengere hakusema kwamba ukoloni ulikuwa halali, wala hakumwondolea mzungu yule lawama zake. Alichokwenda kukitua ni mzigo wake mwenyewe. Makosa ya mwenzake yalibaki kuwa ya mwenzake, ila chuki ilikuwa yake, na yeye pekee ndiye angeweza kuiacha.

Mwaka wa 1943 alifunga ndoa na Mera, na wakajaliwa mabinti wanne. Mwaka wa 1946 familia hiyo changa ilihamia Dodoma, Tanganyika, ambako Kivengere alifundisha shuleni huku akihubiri. Huko ndiko alikoimarisha Kiswahili chake, na mwaka wa 1960, mhubiri wa Marekani Billy Graham alipozuru Moshi, Kivengere ndiye aliyesimama kando yake kama mkalimani. Ufasaha wake uliwavutia wengi hivi kwamba jina lake likaanza kuvuma ng'ambo.

Sifa hizo hazikumfanya malaika nyumbani kwake. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha siku aliyokosana na mkewe saa chache kabla ya kwenda kuhubiri. Alijiandaa kuondoka kana kwamba hapakuwa na neno, lakini moyoni akahisi anaambiwa arudi jikoni akamwombe Mera radhi. Alijitetea kwamba muda umeyoyoma na watu wanamsubiri. Jibu alilolisikia moyoni ni kwamba anaweza kwenda zake, ila Roho wa Mungu atabaki jikoni na Mera. Alirudi jikoni. Kwa kukisimulia kisa hicho mbele ya maelfu, aliwakumbusha wasikilizaji kwamba hasira inayoangamiza nyumba nyingi si ile ya vita na siasa, bali ile ya sufuria kubamizwa na mlango kufungwa kwa kishindo.

Baada ya masomo ya theolojia kule Pittsburgh, Marekani, aliwekwa wakfu kuwa kasisi mwaka wa 1967. Desemba 1972 alitawazwa kuwa Askofu wa Dayosisi ya Kigezi ya Kanisa la Anglikana, makao yake yakiwa Kabale. Ulikuwa wakati mbaya kushika wadhifa kama huo. Amin alikuwa ametwaa mamlaka Januari 25, 1971, na mwaka wa 1972 aliwafukuza Waasia. Raia walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, wengine wakichukuliwa mchana peupe na kutiwa katika mabuti ya magari, wasionekane tena.

Mnamo Februari 10, 1973, miezi miwili tu baada ya kutawazwa kwake, wanaume watatu waliletwa katika uwanja wa michezo wa Kabale ili wapigwe risasi hadharani. Wakazi walilazimishwa kuhudhuria. Askofu huyo mpya aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kuuawa, akiwaza njiani ni maneno gani yanayoweza kumfaa mtu aliyebakisha dakika chache za uhai. Alipowakaribia, aliwakuta nyuso zao ziking'aa. Mmoja wao alimweleza kwamba amemkabidhi Yesu maisha yake na akamwomba awafikishie jamaa zake habari hizo. Walielekea kwenye mauti yao wakiinua mikono iliyofungwa pingu na kuwapungia watu. Risasi zilipolia, umati ulioletwa kutishwa ulikuwa umeshuhudia jambo ambalo serikali haikulikusudia.

Januari 30, 1977, Kivengere alihubiri huko Bushenyi katika sherehe ya kumtawaza askofu mpya wa Ankole Magharibi. Maelfu ya watu walihudhuria, wakiwemo maafisa wa serikali na wa jeshi. Mada yake ilikuwa thamani ya uhai wa binadamu. Aliwakumbusha waliokabidhiwa mamlaka kwamba watatoa hesabu mbele za Mungu kuhusu jinsi walivyoyatumia. Kila aliyekuwa pale alielewa mhubiri alikuwa akimlenga nani.

Siku chache baadaye, usiku wa manane Februari 5, askari walivamia makao ya Askofu Mkuu Janani Luwum mjini Kampala wakidai kutafuta silaha. Maaskofu, Kivengere akiwa miongoni mwao, walimwandikia Amin barua kali ya kupinga uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea. Februari 16 waliitwa kwenye hoteli ya Nile Mansions, ambako wanajeshi walioneshwa silaha na kusomewa maelezo yaliyomhusisha Luwum na njama ya kuipindua serikali. Baadaye maaskofu waliamriwa kwenda zao, isipokuwa Luwum aliyeambiwa kwamba Rais anataka kumwona. Kivengere alikuwa kati ya waliokawia nje wakimsubiri kiongozi wao, hadi walipofukuzwa. Hawakumwona tena akiwa hai.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Luwum pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walikuwa wamefariki katika ajali ya barabarani. Wachache mno waliamini taarifa hiyo. Mwili wa Askofu Mkuu ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, wilayani Kitgum, huku waumini wakikusanyika Namirembe kumwombea bila jeneza.

Habari zilimfikia Kivengere kwamba naye anasakwa. Usiku, yeye na Mera waliacha kila kitu, wakaendesha gari hadi njia ilipokomea, kisha wakapanda milima kwa miguu gizani. Kulipopambazuka walikuwa wamevuka mpaka na kuingia Rwanda. Askofu mwenye umri wa miaka 57 alikuwa sasa mkimbizi.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani mkubwa kuliko ule wa baiskeli. Uhamishoni, Kivengere aligundua kwamba moyo wake ulikuwa umejaa uchungu. Kila alipohubiri alimkumbuka Luwum, na kila alipomkumbuka Luwum alimwona Amin. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Alikuwa akizungumza kuhusu upendo wa Mungu huku ndani akiungua, na alihisi maneno yake yakipoteza nguvu.

Aprili 8, 1977 ilikuwa Ijumaa Kuu. Kivengere aliingia katika Kanisa la All Souls jijini London kushiriki ibada ya saa tatu ya kukumbuka mateso ya Kristo. Ilipofikia tafakuri kuhusu sala ya Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha, alijiuliza kama sala hiyo ilimwacha Amin nje. Kadiri alivyotafakari ndivyo alivyokosa hoja. Iwapo Kristo aliwaombea waliokuwa wakimpigilia misumari, yeye Festo angepata wapi haki ya kumbagua mmoja? Humo kanisani aliomba aondolewe uchungu wake na kumsamehe mtu aliyemfanya mkimbizi.

Mwaka huo huo kilichapishwa kitabu chake alichokipa jina la kushtua, ambalo kwa Kiswahili lina maana ya Nampenda Idi Amin. Baadhi ya Waganda waliofiwa na waume, wake na watoto walikereka. Waliona kwamba ni rahisi kwa askofu aliye salama ng'ambo kutamka maneno kama hayo ilhali damu ingali inamwagika nyumbani. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, na si haki kuyapuuza hata leo.

Lakini Kivengere hakuwa akimaanisha kwamba Amin aachwe aendelee kuua. Katika kitabu hicho hicho alianika maovu ya utawala ule mbele ya ulimwengu. Alizunguka mataifa akieleza yaliyokuwa yakitendeka na akichangisha fedha za kuwasaidia wakimbizi wa Uganda, wengi wao wanafunzi waliokwama Nairobi. Alipoulizwa angefanya nini iwapo angekutana na Amin akiwa amekabidhiwa bunduki, alijibu kwamba angemrudishia bunduki yake, kwa sababu silaha yake yeye ni upendo. Kwake, kusamehe hakukuwa kunyamaza. Aliacha kutamani kisasi, ila hakuacha kudai haki.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotezwa mara nyingi katika jamii zetu. Wapo wanaodhani kusamehe ni kumwambia mjane aliyenyang'anywa shamba asiende mahakamani, au kuwasihi jamaa za ajuza aliyechomwa nyumbani kwake wasitoe ushahidi. Huko si kusamehe, ni kumficha mhalifu. Wapo pia wanaodhani kwamba hasira ndiyo ithibati ya kupenda haki, na kwamba aliyetulia moyoni amesalimu amri. Kivengere aliyakataa yote mawili. Alisema ukweli mbele ya wenye bunduki akijua hatari yake, kisha akakataa kuwachukia.

Amin aling'olewa madarakani Aprili 11, 1979. Kivengere alirejea Kabale mwezi uliofuata na kukuta nchi iliyochakaa, watu wakiwa na njaa, na wengi wakiwa na majina ya waliotaka kuwalipizia kisasi. Alihimiza upatanisho, lakini amani haikupatikana upesi. Mauaji na vita viliendelea katika kipindi cha pili cha utawala wa Milton Obote, hadi 1985. Hali hiyo haikumkatisha tamaa. Alizidi kuhubiri, kujenga na kuchukua hatua ambazo wenzake waliziogopa. Mwaka wa 1983, kabla ya Kanisa la Uganda kukubaliana rasmi kuhusu suala hilo, aliwaweka wakfu wanawake watatu kuwa makasisi katika dayosisi yake.

Alipofariki mwaka wa 1988 alizikwa Kabale, mji ule ule alikowasindikiza wanaume watatu miaka 15 awali. Amin alimpita kwa miaka mingine 15, akafa Agosti 16, 2003 huko Jeddah, Saudi Arabia, bila kufikishwa mahakamani kwa lolote. Wanaopima mambo kwa mizani ya kisasi watasema Amin alishinda. Hata hivyo, kama Kivengere angeingoja hukumu ya Amin ndipo apate utulivu wa moyo, angeondoka duniani bila kuuonja.

Ni funzo linalostahili kuzingatiwa katika vilima vya Gusii. Aliyeporwa shamba huenda akasubiri uamuzi wa korti kwa miaka kumi. Aliyechomewa duka Chebilat huenda asimjue kamwe aliyewasha kiberiti. Jamaa za wazee waliouawa Kisii ya Kati na Marani huendelea kupishana njiani na majirani waliokuwepo siku hiyo. Haki ni lazima itafutwe, na ni wajibu wa polisi, machifu na mahakama kuitoa. Lakini hakuna hakimu anayeweza kutoa amri ya kumpa mtu usingizi.

Kivengere hakuanza na Amin. Alianza na rafiki aliyemwomba radhi, akafuatia mzungu wa kule milimani, kisha mkewe jikoni. Kama asingeyafanya hayo madogo, ni vigumu kuamini kwamba angeliweza lile kubwa kanisani London. Kwa mkazi wa Nyamira au Kisii aliyebeba kinyongo cha miaka mingi, huenda safari yenyewe isiwe ya kilomita nyingi kwa baiskeli. Mara nyingi ni ya kuvuka ua wa migomba tu, hadi kwenye mlango wa ndugu.